Paa Moja, Vyungu Viwili

Yako maneno yanayotembea hapa Shika Adabu, Likoni, kutoka kibaraza hadi kibaraza, na kila yanapotua kuna mwanamke anayerudi nyumbani mikono mitupu. Ni maneno juu ya wanawake walioachwa, au waliokwisha kuachana na waume zao kwa moyo na kwa jiko, lakini wangali katika nyumba ileile. Mmoja wao ni bibi wa miaka sabini na kitu, jirani yangu. Chumba chake kiko upande wa kushoto wa ukumbi, cha mzee aliyekuwa mumewe kiko upande wa kulia, na katikati wanapita wana na wajukuu. Siku aliyokwenda kuulizia pesa za wazee, mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alimkatiza mbele za watu: "Wewe una mume. Juzi tumemwona kwako akinywa chai." Mtu huyo hakuwa na cheo chochote. Lakini bibi alikifunga kitambulisho chake penye pindo la leso, akaondoka.

Nimekaa na majirani wengi kujaza fomu, na maneno kama hayo nimeyasikia mpaka nimeyajua kwa moyo. Nitayajibu. Pale wasemao wana haki nitasema wana haki, kwa sababu mwanamke anayedai kilicho chake hahitaji kusaidiwa kwa uongo.

Neno la kwanza, na ndilo mama wa mengine yote: "Mkiwa chini ya paa moja, nyinyi ni kaya moja."

Tazama nyumba zetu. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma wenye choo na mahali pa kupikia. Chumba kimoja amepanga kijana wa bodaboda, cha pili mama auzaye viazi karai, cha tatu mtu na mkewe waliotoka Kwale, na mwenye nyumba yuko chumba cha mbele na watoto wake. Paa ni moja, mabati yaleyale, na mvua ikinyesha wote wanasikia kelele moja. Je, hao ni kaya moja? Hakuna mtu mtaani atakayesema ndiyo. Wala serikali haisemi hivyo. Kwenye sensa ya Kenya ya 2019, watu walipohesabiwa kwa usiku wa tarehe 24 Agosti, kaya haikupimwa kwa paa. Maana iliyotumiwa na Shirika la Taifa la Takwimu ni hii: mtu mmoja au zaidi wanaoishi katika boma au ua mmoja, hata kama si jengo moja, wanaopika pamoja na kumtambua mkuu mmoja wa kaya. Kipimo ni chungu, na ni nani anayesikilizwa. Paa halimo.

Kwa Kidigo, kaya ni nyumbani, pale mtu anapotoka na anaporudi. Wazee waliokaa katika makaya ya Wamijikenda hawakuhesabu makuti. Walijua huyu anakula kwa nani.

Basi kama wapangaji wasiojuana wanaweza kuwa kaya nne chini ya bati moja, kwa nini mwanamke aliyeachwa, anayepika jiko lake, anayenunua unga wake na kulipa tokeni zake za stima, ageuzwe kaya moja na mtu asiyempa hata chumvi? Eti kwa sababu zamani alikuwa mke wake. Jambo la zamani linaulizwa kana kwamba ni la leo.

Lakini nililoahidi nilitimize. Kipimo hichohicho kinakata upande wa pili. Kama mume analala chumba kingine kwa sababu wamenuniana, na bado jioni anapakuliwa wali kutoka sufuria yake mke, na asubuhi anaacha masurufu mezani, hiyo ni kaya moja yenye ugomvi. Kununa si kuachana. Mtu akiniambia "tumetengana" huwa namuuliza mambo manne kabla sijashika kalamu: nani ananunua chakula, nani anapika na nani anakula, nani analipa maji na stima, na mtoto akiugua usiku pesa zinatoka mfuko wa nani. Majibu hayo manne yana uzito kuliko idadi ya vitanda.

Neno la pili: "Angekuwa ameachwa kweli, angeondoka."

Hili linaniuma zaidi, kwa sababu wanaolisema ni Waislamu wenzangu, na wanajua eda ni nini. Mwanamke aliyepewa talaka rejea hatolewi nyumbani, wala yeye mwenyewe hatakiwi kutoka bila sababu. Ni amri iliyomo katika Suratul Talaq, na kila ustadhi wa mtaa huu ameisomesha. Kwa mwenye kupata hedhi eda ni twahara tatu, kwa asiyepata ni miezi mitatu, na kwa mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Muda wote huo anakaa katika nyumba ya ndoa, na matunzo ni juu ya mume. Hata katika talaka ya bain, ambayo haina kurejea, madhehebu ya Shafi tunayoyafuata pwani hii yanampa mwanamke makazi mpaka eda iishe. Kama si mja mzito anakosa matunzo, lakini paa halikosi. Kwa hiyo anayesema "mbona bado yumo?" anamlaumu kwa kutii.

Wengine huongeza: "Wakikaa nyumba moja ni kwamba wamekwisha kurudiana." Sivyo. Kwa Shafi, kurejea ni kwa tamko. Mume aseme kwamba amemrejea mkewe, na eda iwe haijaisha. Kupitana ukumbini si kurejea, wala chai si kurejea. Kinyume chake, madhehebu yetu yanamkataza mume kukaa faraghani na mtaliki wake wa rejea kabla hajatamka, na ndiyo maana wazee walikuwa wakitenga chumba na kumleta shangazi au mama mtu mzima alale na binti. Ilikuwa adabu kubwa. Leo utengano ule uliolindwa kwa heshima umekuwa ushahidi dhidi ya mwanamke.

Hapa pia kuna ukweli wa kumwambia mwenye fomu. Ndani ya eda ya rejea bado yeye ni mke kwa mambo mengi: mume akifa katika siku hizo, anarithi. Kwa hiyo asikimbilie kuandika "nimeachika" siku ya pili ya talaka. Eda iishe kwanza, na karatasi iwe mkononi.

Na eda ikiisha, aende wapi? Swali hili huwa nawarudishia wasemaji, nao hunyamaza. Wengi wetu Likoni tumejenga pasipo hati. Pwani hii ina desturi ya zamani ambayo mtu wa bara huistaajabia: nyumba yako, ardhi ya mwingine, na kila mwezi unalipa kodi ya kiwanja. Wengine walikuwa katika shamba la Waitiki, ekari 930, mpaka serikali ilipokubaliana na mwenyewe na Rais Uhuru Kenyatta akaja kugawa hati Januari 2016, kila mwenye kiwanja akitakiwa kulipa shilingi 182,000 kwa awamu. Hati ikitoka, hutoka na jina, na mara nyingi ni jina la mume. Lakini mawe ya nyumba yalinunuliwa na wawili. Mke aliuza mahamri alfajiri miaka kumi na mitano, akatoa pesa za simiti, akampikia fundi. Akiondoka leo kwa sababu watu wa kibarazani wanataka kuona utengano kwa macho, ameacha jasho lake lote nyuma ya mlango. Kukaa kwake ni kulinda haki. Anasubiri wana waamue, au Kadhi aamue, au mzee mwenyewe apate kumcha Mungu na kumwandikia chumba chake.

Kwa walio katika ndoa isiyokatika bado, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema kwenye kifungu cha 12 kwamba mwenzi hatolewi katika nyumba ya ndoa na mwenziwe, ndoa ingalipo, isipokuwa kwa amri ya mahakama. Sheria hiyo inahesabu kazi za nyumbani na kulea watoto kuwa mchango katika mali. Inamruhusu Mwislamu kufuata sharia yake, lakini sijapata kusikia sharia inayosema jasho la mke si jasho.

Neno la tatu: "Wanajifanya wameachana ili wapate pesa za serikali."

Pesa gani? Tuzitaje. Inua Jamii, mpango wa serikali wa pesa za msaada, kwa sisi wa mjini una mafungu matatu: la watoto mayatima na walio katika hali ngumu, lililoanza 2004; la watu wenye ulemavu mkubwa; na la wazee, ambalo tangu 2018 limefunguliwa kwa waliofikisha miaka 70. Kila fungu ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Hakuna fungu la walioachwa. Serikali ya Kenya hailipi mtu kwa kupewa talaka, wala haimwongezei mzee hata shilingi moja kwa kuwa mkewe amehamia chumba cha pili. Bibi wa miaka 72 na mzee wa miaka 75, wawe wanapendana au hawasemezani, fungu la wazee linamwangalia kila mmoja kwa umri wake. Fungu la mayatima ni la kaya na halizidi kwa wingi wa watoto. Sasa anayejifanya ameachwa amepata faida ipi?

Nimejiuliza shuku hii imetoka wapi, na naamini imevuka bahari. Tuna ndugu Uingereza, nao hupiga simu. Huko kuna malipo yaitwayo Universal Credit, yaliyoanza 2013, na mtu na mwenziwe hulipwa pamoja kiwango kilicho chini ya viwango viwili vya mtu mmoja mmoja. Hapo kweli mtu anaweza kushawishika kusema yuko peke yake. Ndiyo sababu maafisa wa huko huuliza maswali mengi: mnaishi kaya moja? Pesa mnachanganya? Uhusiano wenu umedumu kiasi gani? Mnalala pamoja? Mmezaa? Watu wanawajua kama mke na mume? Shangazi akiyasimulia hayo kwenye simu, sisi tunaokota hofu na kuacha sheria. Maana hata huko, penye ukali wote huo, sheria inakubali kwamba watu walioachana wanaweza kukaa nyumba moja wakawa kaya mbili. Afisa wa London anaweza kukubali jambo ambalo jirani wa Shika Adabu, aliyezaliwa katika nyumba ya wapangaji sita, anakataa kulikubali.

Neno la nne ni fupi na jibu lake ni fupi: "Pesa za Inua Jamii ni za mwenye nyumba, yaani baba." Hapana. Za mzee ni za mzee aliyeandikwa, kwa kitambulisho chake. Za mtoto yatima au mtu mwenye ulemavu mkubwa hupokewa na mlezi kwa niaba yake. Mlezi ni yule anayemwogesha, anayemlisha, anayekesha naye. Kama aliyeandikwa kuwa mlezi ni baba, na sasa jiko limegawanyika na mtoto yuko upande wa mama, jina la mlezi hubadilishwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Nimeona mama akiogopa kuuliza hilo miezi mingi, na muda wote huo shilingi za mtoto mlemavu zinaishia kwenye miraa. Naomba mama yeyote anayesoma hapa asiogope. Kuuliza ni bure.

Neno la tano ni la SHA, bima ya afya ya serikali: "Mume wangu alikwisha kuniandika kwake, nikijiandika mwenyewe ni udanganyifu."

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani, NHIF, imekwenda na SHA imekuja. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kwa maswali, halafu hupewa kiwango kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na huhesabiwa malipo ya mwaka mzima. Mke na watoto hukingwa na mchango wa kaya. Shida iko hapo. Mume wa kazi za kibarua akiacha kulipa, mwanamke anafika hospitali akidhani amekingwa, anaambiwa hakuna kitu. Mtu aliyeachwa na eda yake ikaisha si mke tena. Jina lake halina sababu ya kukaa chini ya jina la aliyemwacha. Ajitoe na ajiandikishe kwa jina lake. Kinachokuwa udanganyifu ni kinyume chake, mume kuendelea kumweka mtaliki wake kwenye orodha na kusema ni mke.

Na kuna jambo jingine kwa aliye chini ya paa la pamoja. Maswali ya kupima uwezo yanauliza juu ya kuta, bati, sakafu, choo, maji, kuni au gesi. Mwanamke mwenye chumba kimoja katika nyumba ya mawe ataonekana ana nyumba ya mawe. Anapojibu, ajibu kwa kilicho chake. Asitaje jokofu la mzee lililo ukumbini kama ni lake. Akiona kiwango alichopangiwa kinamshinda, arudi akaeleze, asikae kimya mpaka siku ya uchungu. Na kwa maradhi madogo, ajue kwamba aliyejiandikisha hutibiwa katika zahanati na vituo vya afya vya umma kwa mfuko wa afya ya msingi, hata kama mchango wake haujakamilika. Kujiandikisha tu kuna faida.

Neno la sita: "Anaandika kwenye fomu ya basari kwamba ni mzazi pekee, na baba yuko chumba cha pili." Hapa wasemao wana haki, na siwezi kuwazunguka. Fomu za basari huuliza hali ya wazazi, na yatima na mtoto wa mzazi mmoja hutazamwa kwanza. Baba akiwa hai na anajulikana alipo, mtoto hana mzazi mmoja. Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Ukimfuta baba kwenye fomu umemsaidia kukimbia. Tena unachukua nafasi ya mtoto ambaye baba yake kweli yuko makaburini. Mwandike baba kwa jina lake. Kisha, penye nafasi ya maelezo, sema kweli: wazazi wameachana, baba hachangii karo. Na siku hiyohiyo fikiria kumpeleka mbele ya mahakama adaiwe matunzo ya watoto. Najua nauli na siku ya kazi inayopotea kwa kuvuka feri ni mzigo kwa mtu anayeishi kwa kuuza vitafunio. Lakini mwanamume asiyetoa karo huku analala vyumba viwili kutoka kwa mwanawe hastahili kufichwa na yeyote.

Neno la saba hutoka kwa wanawake wenyewe: "Mimi nimeachwa, kila mtu anajua, karatasi ya nini?" Mwanangu, kila mtu anajua mpaka siku ya kuulizwa. Talaka iliyotamkwa ukumbini mbele ya mashahidi wawili waliokwisha kuhamia Msambweni haikusaidii kwenye kaunta. Barua ya chifu inashuhudia unakoishi na kwamba unajulikana. Haiwezi kuvunja ndoa wala kuithibitisha imevunjika. Anayeshughulika na hilo kwa Waislamu ni Mahakama ya Kadhi, iliyotajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba. Mume aliyetamka aende akaiandikishe. Akikataa, mke ana njia ya kwenda mwenyewe. Na yule ambaye hakuachwa bali ametelekezwa ndani ya nyumba, hapewi wala haulizwi, anaweza kudai matunzo, au kuomba Kadhi aivunje ndoa kwa fasikhi, au kujivua mwenyewe kwa khului. Kwa majirani zetu Wakristo na walioolewa kiserikali, talaka ni ya mahakama za kawaida chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, na kutengana tu, hata kwa miaka kumi, hakuwafanyi watalaka. Waandike "tumetengana". Ni neno la kweli na halina aibu.

Aibu. Mtaa huu umepewa jina linaloamuru adabu, nasi tumelielewa kuwa mwanamke afiche. Afiche kwamba ameachwa, ili asionekane mjane wa mtu aliye hai. Halafu akijitokeza kudai, tunamwambia mbona siku zote ulikuwa kimya. Naona vibaya sana jambo hili. Adabu niliyofunzwa na bibi zangu ilikuwa kutomuuliza mtu mambo ya chumbani kwake mbele ya watu. Mtu aliyemkatiza jirani yangu kwenye foleni ndiye aliyekosa adabu siku ile.

Ilichukua muda kumshawishi bibi arudi. Mwanawe wa kwanza alikuja tukakaa naye, na mzee mwenyewe, sharti nimpe haki yake, hakupinga neno hata moja. Alisema tu, "Andikeni ilivyo." Tulipeleka kitambulisho na cheti cha talaka, na kwa kuwa kibarazani maneno hayakuisha, bibi alitaka yeye mwenyewe kuwe na maandishi ya kuwafunga watu midomo. Nikachukua karatasi ya ziada nikaandika alivyoniambia: kwamba anaishi nyumba moja na mtaliki wake kwa sababu walijenga pamoja, kwamba jiko lake liko uani upande wa mwembe na chakula cha mzee hupikwa na mkaza mwana, na kwamba tangu mwaka wa talaka yeye hajala chakula cha mzee wala mzee hajala chake, isipokuwa siku za Idi ambapo wajukuu hupakua sinia moja kwa wote. Nilimuuliza kama hilo la Idi tuliache. Akasema tuliandike, ni kweli. Kisha akaweka dole gumba.